Pini iliyopinda wakati wa kushuka: kisa cha tela la trekta dogo Lushoto

Pini ya kwanza niliyopewa mkononi ilikuwa imekunjika kama goti. Ilikuwa pini ya kuungia tela kwenye trekta, nusu inchi, chuma laini, na katikati yake ilikuwa imetoka milimita tisa nje ya mstari. Ya pili ilikuwa kipande cha nondo ya milimita 10, nayo imepinda, ila kwa namna tofauti. Ya tatu haikuwa imepinda hata kidogo. Ilikuwa bolti, na ndiyo iliyofanya uharibifu kuliko wenzake wote. Zote tatu zilikuwa zimepangwa kwenye dirisha la stoo kama vielelezo vya mahakamani, na msimamizi alikuwa ameshatoa hukumu kabla sijashuka kwenye bodaboda: "Fundi, hawa vijana wanajaza kupita kiasi."

Mahali penyewe ni kituo cha mafunzo nje kidogo ya mji wa Lushoto, milimani Usambara, ambako ukitafuta kiwanja tambarare utazeeka kabla hujakipata. Banda la ng'ombe liko juu, bustani ya mboga iko chini, na kati yake kuna njia ya kifusi yenye kipande kimoja kikali ambacho nilikipima kwa pima maji na ubao: digrii 10 hivi. Ng'ombe hawatoki bandani. Kwa hiyo majani hupanda na samadi hushuka, kila siku isipokuwa Jumapili. Naomba msomaji aushike huo mpangilio wa juu na chini, maana kisa chote kimo humo.

Trekta ni lile dogo la bustani, nguvu za farasi 18, mtumba uliokuja kwenye kontena kutoka Uingereza. Huko kwao lilikuwa likikata nyasi. Hapa visu vyake vilifunguliwa siku ya kwanza, likapewa kazi ya punda. Tela ni la kuchomelea, lilitengenezwa Mombo kwa ekseli ya gari kuukuu, na lilikusudiwa trekta kubwa zaidi ambalo kituo kiliuza baadaye. Tela likabaki, likatafutiwa mume mwingine.

Ndoa hiyo ndiyo niliyoanza kuipima. Nyuma ya trekta kuna bamba la chuma lenye unene wa milimita 5, na tundu moja katikati. Mkono wa tela unaishia na mdomo wa taya mbili, la juu na la chini, kila moja milimita 8. Bamba linaingia kati ya taya, pini inashuka kupitia vyote vitatu. Sasa, nafasi kati ya taya na taya ilikuwa milimita 40. Bamba la milimita 5 ndani ya mdomo wa milimita 40! Ni sawa na kumvalisha mtoto wa chekechea kanzu ya babu yake. Tundu za taya nazo zilikuwa milimita 20 wakati pini ni 12.7, na tundu la bamba, ambalo nadhani lilizaliwa na milimita 13, lilikuwa limeliwa hadi 16 upande wa mbele na nyuma. Nilisukuma na kuvuta mkono wa tela kwa mikono yangu miwili: pleyi, yaani nafasi ya kuchezacheza, ya milimita 10, na sauti ya kengele.

Shtaka la mzigo

Hoja ya kupakia kupita kiasi ilikuwa na mantiki yake. Trekta likipanda linanguruma hadi kuku wanakimbia. Likifika bandani, dereva anashuka kufungua tela, pini haitoki, inabidi igongwe kwa nyundo. Kwa hiyo, wakasema wote, imepindia mlimani. Ilibaki kubishana ni nani alijaza.

Tukapima. Ndoo moja ya lita 20 ya samadi mbichi ilisoma kilo 19 kwenye mizani ya mahindi, na tela lilikuwa likichukua ndoo 18. Hiyo ni kilo 342. Tela tupu tulilikadiria kilo 150. Tuseme jumla ni kilo 500 kwa urahisi wa hesabu. Kuvuta kilo 500 kwenye mwinuko wa digrii 10 kunahitaji nguvu ya kilo 87 hivi, na magurudumu kusota kwenye kifusi niliyapa kilo 25. Jumla kilo 112. Na hapo nimewapendelea waendesha mashtaka, kwa sababu safari za kupanda hazibebi samadi. Zinabeba majani.

Pini je, inavumilia kiasi gani? Chuma laini cha kawaida huanza kukubali kupinda kwa kudumu kwenye mkazo wa takriban niutoni 250 (niutoni kumi ni kama nguvu ya kilo moja) kwa kila milimita ya mraba. Nikiichukua pini ya milimita 12.7 iliyoshikwa na taya mbili zenye milimita 48 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, na bamba likiisukuma katikati, inaanza kupinda ikipata nguvu ya kilo 430 hivi. Kilo 112 ni kama robo yake tu. Hata wangeongeza ndoo sita za samadi kwa ubishi, bado pini ingepanda mlima ikiwa imenyooka.

Kuna hesabu ya pili ambayo ndiyo iliyomfanya msimamizi avute kiti. Pini hiyohiyo, ukitaka kuikata badala ya kuipinda, yaani taya zikiwa zimelibana bamba karibukaribu na chuma kikalazimika kukatika pande mbili kwa mpigo, itakudai zaidi ya tani tatu na nusu. Chuma ni kilekile, unene uleule. Kilo 430 kwa upande mmoja na tani tatu na nusu kwa upande mwingine, na tofauti yote imetengenezwa na nafasi tupu iliyo juu na chini ya bamba. Kila aliyewahi kuvunja kuni anajua: kijiti ukikishika ncha mbili zilizo mbali kinavunjika gotini bila taabu. Kishike vidole vikiwa vimegusana uone kama hakitakuumiza wewe.

Hivyo nikawa na nusu ya jibu. Mdomo mpana uliifanya pini kuwa dhaifu mara nane kuliko ilivyotakiwa. Lakini dhaifu si sawa na kupinda. Kilo 430 bado zilipaswa kutoka mahali fulani, na mlima haukuwa nazo.

Pini yenyewe inasema

Mafundi wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, pini ikipinda huitupa au huinyoosha kwenye fuawe. Ukiinyoosha umefuta ushahidi. Pini iliyopinda ni barua: inasema imesukumwa kutoka wapi, imeshikwa wapi, na mara nyingi inasema ni wakati gani.

Ile ya kwanza ilikuwa na bahati ya kuwa na kichwa kilichokunjwa kama herufi L, na mkunjo huo ulikuwa unalala kwenye kijipengo cha mkono wa tela, hivyo haikuweza kuzunguka. Nilijua kwa hakika upande gani ulikuwa mbele. Trekta likivuta, taya zinaivuta pini nyuma kwenye ncha zake mbili, na bamba linaizuia katikati kuelekea mbele. Kwa hiyo pini iliyopindwa na kuvuta itatoa tumbo mbele. Hii ilikuwa imetoa tumbo nyuma. Na kovu la kung'aa, pale bamba lilipouma chuma, lilikuwa upande wa mbele katikati, huku ncha zote mbili zikiwa na makovu upande wa nyuma. Hakuna namna ya kuvuta inayoacha alama hizo. Pini ilipindwa na tela likilisukuma trekta.

Tundu la bamba likaunga mkono: lilikuwa limeliwa zaidi upande wa mbele kuliko wa nyuma.

Nondo ilikuwa na hadithi yake. Waliichagua ya milimita 10 kwa sababu ya 12, na zile mbavu zake, haikuingia vizuri kwenye tundu. Chuma cha nondo ni kigumu kuliko cha pini ya kwanza, lakini wembamba ulirudisha kila kitu palepale. Kibaya zaidi, hawakuiwekea kotapini, kile kipini kidogo cha kuizuia isichomoke, chini. Kwenye mashimo ya njia ilikuwa ikirukaruka, na safari moja ikapanda hadi ikatoka kwenye taya la chini, ikabaki imening'inia kwa taya la juu peke yake. Ndiyo maana ilipinda chini tu ya taya la juu na sehemu iliyobaki ikanyooka kama rula. Pini iliyoshikwa upande mmoja inahitaji nusu ya nguvu kupinda. Kotapini ya bei ya andazi ingeizuia.

Na bolti, ile iliyosifiwa. Ilikuwa ya milimita 12 yenye namba 8.8 kichwani, maana yake chuma kinachovumilia mkazo wa niutoni 640 kwa milimita ya mraba kabla hakijapinda kabisa. Haikupinda. Lakini uzi wake, ile mikato ya kufungia nati, ulikuwa mrefu, ulishuka hadi pale bamba linapokaa, na kwa wiki mbili ule uzi ulilisaga tundu kama tupa. Kona moja ya bamba ilikuwa imekunjwa, na kwenye mshono wake wa kuchomelea kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Sentimita chache mbele ya ufa huo kuna kasha la giaboksi, aloi ya alumini, kitu ambacho Lushoto huwezi kukipata dukani. Nguvu haikupungua kwa sababu ya bolti. Ilihama tu, kutoka kwenye kipande cha chuma cha bei rahisi kuelekea kwenye moyo wa trekta.

Jaribio la mstari mweupe

Msimamizi hakukubali kwamba pini ilikuwa ikipinda wakati wa kushuka. "Mteremkoni trekta halifanyi kazi yoyote," alisema. Sikubishana. Nilikata pini mpya ya nusu inchi kutoka kwenye shafti iliyonyooka, nikaibiringisha kwenye kioo cha dirisha kuhakikisha, nikaipaka mstari wa rangi nyeupe upande wa nyuma.

Tukapakia ndoo 18 za samadi kule chini, kinyume cha kawaida, vijana wakicheka kwamba fundi anarudisha mavi kwa ng'ombe. Trekta likapanda, likanguruma, kuku wakakimbia. Bandani niliichomoa pini kwa vidole viwili. Kioo kikasema imenyooka.

Kisha tukashuka na mzigo uleule, dereva akiendesha kama siku zote. Chini pini haikutoka. Niligonga mara tatu. Ilipotoka, tumbo lilikuwa milimita tatu, na mstari mweupe ulikuwa mgongoni mwa tumbo hilo. Safari moja tu.

Kwa nini basi kila siku waligundua wakiwa juu? Kwa sababu chini hawakuwa wakilifungua tela. Walipakua samadi, wakapakia majani, wakapanda. Kufungua kulifanyika bandani. Pini ilikuwa inapindia mteremkoni na kukamatwa kileleni.

Mguu wa dereva

Wakati trekta likishuka nilikuwa nimesimama pembeni ya njia, macho yangu yakiwa kwenye mguu wa dereva. Ni mzee wa makamo, aliendesha matrekta makubwa miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge huko Korogwe, na mikono yake inajua kazi kuliko vitabu. Nilimwamkia, nikamwomba aniambie anavyoshuka.

"Mwanangu, mkongeni ukiinua mguu kwenye mafuta, trekta lenyewe linatulia polepole. Injini inalishika. Hili, ukiinua mguu linagoma kama punda."

Alikuwa amesema yote. Trekta hili halina gia za kuchagua wala klachi ya mguu. Lina giaboksi ya haidrostatiki: pampu inasukuma mafuta ya giaboksi, si yale ya injini, kwenye mota, na pedali inaamua mafuta mengi kiasi gani yapite. Ukiikanyaga, linakwenda. Ukiiachia, mafuta yanazuiwa, na magurudumu ya nyuma yanasimama karibu papo hapo. Mwenye kuzoea gari anadhani ameachia mafuta ya injini. Kumbe amefunga breki. Na tela la bustani halina breki yake.

Sasa mzee wetu, kila akikaribia kona ya mteremko, mguu wake wa miaka 30 unajiinua wenyewe. Trekta lasita. Tela, kilo 500, halijaambiwa kitu. Mteremko unalisukuma kwa kilo 87, na kulipunguza mwendo kwa mita mbili kwa sekunde kila sekunde kunahitaji kilo 100 nyingine. Jumla haifiki 190. Bado si 430, na kama tela lingekuwa limelala dhidi ya bamba bila nafasi, pini ingenusurika.

Lakini kulikuwa na zile milimita 10 za pleyi. Weka nyundo juu ya msumari: haizami, hata nyundo iwe nzito. Inyanyue kidogo tu uiachie, msumari unaingia. Ndani ya milimita 10 hizo trekta limeshapunguza mwendo na tela bado linakwenda, na tofauti hiyo ya mwendo, ingawa ni ndogo kuliko hatua ya mtoto, inapaswa kumalizika ndani ya milimita moja au mbili za chuma. Kitu kizito kikisimamishwa ndani ya nafasi fupi hivyo, nguvu yake inaruka juu. Kwa makadirio yangu kishindo kile peke yake kilikuwa na zaidi ya kilo 300. Ongeza 190 zilizokuwa zikisukuma wakati huohuo, umeshapita 430. Halafu rudia mara nne au tano kwa kila mteremko.

Kwenye kifusi kulikuwa na michirizi miwili ya tairi zilizoburuzwa, mita mojamoja, kila mahali mguu ulipoinuliwa. Hiyo ilinitisha kuliko pini. Trekta lenye dereva halifiki kilo 400, na nyuma yake kuna kilo 500 zinazolisukuma likiwa limefunga magurudumu. Siku njia ikiwa na utelezi, tela litalizungusha trekta na kulilaza. Vitabu vya matrekta ya aina hii huonya waziwazi kuhusu kukokota mzigo mteremkoni, lakini kitabu cha hili nadhani kilibaki Uingereza.

Washa ambazo hazikusaidia

Kabla sijaitwa, mtu alikuwa ameshajaribu kuziba mdomo kwa washa, zile pete bapa za kuvalisha kwenye bolti, akapanga tano juu ya bamba na nne chini. Kelele ikaisha. Pini ikaendelea kupinda. Msimamizi aliuliza kwa haki kabisa: kama tatizo ni nafasi, na nafasi imezibwa, mbona?

Hapa ndipo nimeona mafundi wazuri wakijidanganya. Washa iliyovalishwa kwenye pini haijashikamana na taya. Inaelea na pini. Inazuia mkono wa tela kupanda na kushuka, hilo ni jema, lakini nguvu ya kusukuma inatoka kwenye bamba, inaingia kwenye pini, na inasafiri ndani ya pini hadi kwenye taya, umbali uleule. Pini haijafupishwa. Ni sawa na kuvalisha bangili kijiti ukidhani umekifanya kifupi.

Cha kufanya ni kuyaleta taya karibu na bamba. Nilikata pete nne za chuma zenye kipenyo cha milimita 30 na tundu la 13 katikati, nikazichomelea ndani ya taya, mbili juu na mbili chini, zikiwa zimepangwa sawasawa kwa kupitisha shafti wakati wa kuchomelea. Hilo pia liliondoa yale matundu mapana ya milimita 20. Kwenye trekta, bamba lililokunjika lilinyooshwa, ufa ukachimbwa kwa grainda na kujazwa, na chini yake nikafunga bamba la pili la milimita 5 lenye tundu jipya, kwa bolti, si kwa kuchomelea, ili liweze kubadilishwa. Sasa kuna milimita 10 za chuma ndani ya mdomo wa milimita 17. Pleyi ya mbele na nyuma ilishuka kutoka milimita 10 hadi chini ya moja, na nguvu ya kupinda pini ileile ya nusu inchi ikapanda karibu mara mbili.

Mnaouliza kwa nini nisilibane kabisa, nilijaribu. Mara ya kwanza niliacha milimita mbili tu, nikajisifu. Njia ile inavuka mtaro wa maji ya mvua, na trekta linapotumbukia magurudumu ya mbele, mkono wa tela unainuka kwa pembe. Pete zililiuma bamba, mdomo ukageuka kuwa mtaimbo, na tulisikia mlio ambao sitaki kuusikia tena. Kiungo cha tela kinatakiwa kibane mbele na nyuma lakini kiitikie juu na chini, na kiyumbe kidogo kushoto na kulia, maana gurudumu moja la tela likipanda jiwe, tela zima linajipinda. Nikasaga. Milimita saba za nafasi kwenye pete za 30 zinaupa mkono wa tela digrii 13 hivi za kuitikia, na mtaro ule unahitaji kama 10.

Pini nayo nikaacha chuma laini. Msimamizi alitaka 8.8 tena, au unene wa milimita 16, ambao peke yake unaongeza uwezo mara mbili kwa sababu unene wa pini huhesabiwa kwa kujizidisha mara tatu. Nilikataa. Nataka kitu cha kwanza kupinda kiwe kile kinachokatwa kwenye shafti kwa dakika tano. Kama ungekuwa na trekta lenye kasha la chuma cha kuyeyusha na kiungo kinene ningekuwa na maoni mengine, ila hapa alumini iko karibu mno.

Kuna jambo la kurudi nyuma, nalo nalitaja haraka kwa kuwa halikuwa kosa la pini hizi, lakini lilikuwa linakuja. Tela likikunjwa kwa kona kali wakati wa kurudi, ubavu wa mdomo unagusa ukingo wa bamba, na kuanzia hapo mkono wa tela, mita moja na nusu, unakuwa wenzo unaong'oa pini iliyo milimita 40 tu kutoka mahali pa kugusa. Kilo 20 za kusukuma kwenye ekseli zinakuwa kilo 750 kwenye pini. Pini ya namna hiyo hupinda kwa ubavu, si mbele wala nyuma. Tulisaga kona za mdomo na vijana wakaambiwa: tela tupu mnaligeuza kwa mikono.

Kwa mguu wa mzee haikuwa rahisi, maana si rahisi kumwambia mtu aliyeendesha tangu hujazaliwa kwamba anakanyaga vibaya. Sikumwambia hivyo. Nilimwomba ashuke mara moja akiwa ameweka pedali mahali pamoja kuanzia juu, mwendo wa mtu anayetembea, na akitaka kupunguza airudishe kama anayemshusha mtoto aliyelala. Nilisimama juu ya mkono wa tela nikisikiliza kwa nyayo. Hapakuwa na kishindo hata kimoja. "Sasa linasikia," alisema, akimaanisha trekta. Samadi ya kushuka ikapunguzwa hadi ndoo 10, safari zikaongezeka, na siku ya utelezi hakuna kushuka na tela.

Nilirudi baada ya masika. Pini mbili zilikuwa zimeongezeka kwenye dirisha la stoo. Ya kwanza, iliyofanya kazi miezi mitatu, ilikuwa imepinda kiasi cha nusu milimita, unaona tu ukiibiringisha kwenye kioo. Ya pili ilikuwa imepinda vibaya, na msimamizi aliniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Niliigeuza mkononi. Juu ilikuwa imenyooka kabisa, pale taya na bamba vinapokaa. Ilikuwa imepinda chini ya bamba, kuelekea nyuma, na kwenye ncha kulikuwa na mikwaruzo ya duara, midogo, iliyojirudia. Hakuna taya linaloacha mikwaruzo ya aina hiyo.

"Hii haijapindwa na tela," nikasema. "Mlivuta nini kwa mnyororo?"

Kimya. Kisha kijana mmoja akatazama nje, upande wa bustani, ambako kulikuwa na shimo bichi na kisiki cha mkaratusi kimelala ubavu. Mzee wa mkonge akacheka hadi akakaa chini.